Mazoezi ya Akili, Baraza na Watu: Mwongozo kwa Mtu Mzima Mwenye Usonji Unguja

Ikiwa wewe ni mtu mzima mwenye usonji na simu yako ina intaneti, bila shaka umeshakutana na tangazo la michezo ya kunoa ubongo. Cheza robo saa kila siku, linasema, kumbukumbu itapanda, umakini utaongezeka, na kukaa na watu hakutakuwa mzigo tena. Hilo la mwisho ndilo linalomgusa mtu ambaye kila akitoka harusini anarudi na kichwa kinamuuma, au ambaye kazini anaitwa mkavu kwa sababu hujibu alichoulizwa kisha hunyamaza. Nakuandikia wewe, na mbele huko nina maneno kwa watu wa nyumbani kwako. Jibu langu ni kwamba mazoezi yapo na mengine yanafaa, lakini yale ya kioo cha simu peke yake hayatakufikisha barazani. Utafika kwa kuizoea baraza yenyewe, kidogo kidogo, ukiwa na mtu unayemwamini.

Tuanze na kilichopimwa, kwa kuwa kuna watu wanataka pesa zako. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Adrian Owen na wenzake. Watu 11,430 walifanya mazoezi ya ubongo kwenye kompyuta kwa wiki sita. Kila mmoja aliimarika katika mchezo aliokuwa akiucheza. Walipopewa kazi nyingine za akili, hata zilizokaribiana na michezo ile, faida haikuonekana. Hao walikuwa watu wa kila aina, hawakuchaguliwa kwa usonji. Januari 2016 kampuni ya Lumos Labs ya Marekani, wenye mchezo wa Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya biashara ya nchi hiyo kuishitaki kwa kuwatangazia wateja faida ambazo haikuwa na ushahidi nazo.

Karibu zaidi na jambo letu ni programu iitwayo Mind Reading, iliyotengenezwa Cambridge na timu ya Simon Baron-Cohen. Ndani yake mna hisia 412, zimeigizwa kwa nyuso na sauti, na mtu hujifunza kuzitambua moja moja. Ofer Golan na Baron-Cohen waliwapa watu wazima wenye usonji waitumie kwa wiki kumi na zaidi, na matokeo wakayatoa 2006. Watu wale walikuwa hodari wa nyuso na sauti za aina waliyoizoea katika programu. Walipoletewa mifano ya mbali na ile, uhodari haukuwafuata.

Utafiti unaonipa matumaini zaidi ulifanyika Pittsburgh, ukiongozwa na Shaun Eack, na ulichapishwa 2018. Watu wazima 54 wenye usonji walifuatiliwa kwa miezi 18. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kompyuta ya umakini, kumbukumbu na kutatua matatizo, lakini halikuyafanya kila mtu na kompyuta yake: walikaa wawili wawili, na juu ya hayo walikutana kikundi kizima kujifunza namna ya kumwelewa mwenzao. Kundi la pili lilipata mshauri wa ana kwa ana, aliyewasaidia kuielewa hali yao na kutuliza hisia. Umakini na kasi ya kufikiri vilipanda zaidi kwa kundi la kwanza, na watu wake walipata ajira zaidi. Katika kuwaelewa watu, kundi la kwanza lilitangulia mwanzoni, lakini miezi 18 ilipotimia makundi yote mawili yalikuwa yameimarika na tofauti haikuwapo tena.

Hapo pasome mara mbili. Katika kuwaelewa watu, yule aliyekaa na mtu mmoja mwenye subira, bila kompyuta, alifika pale pale. Na hata hao wa kompyuta walikuwa na mwenzao ubavuni. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa 2012 kwa watu wazima wenye usonji unaelekea huko huko: unapendekeza mafunzo ya kijamii, ya kikundi au ya mtu mmoja mmoja, ambayo ndani yake jambo linaonyeshwa kwa mfano, wenzako wanakwambia ulivyofanya, na kanuni za kukaa na watu zinatajwa waziwazi badala ya kuachwa uzibahatishe.

Kwa hiyo kabla hujalipia chochote, muulize muuzaji maswali mawili. Kilipimwa kwa watu wazima wenye usonji, au kwa watoto, au kwa watu wengine kabisa? Na waliopimwa, waliimarika katika mchezo wenyewe au katika kuzungumza na watu? Akikujibu kwa ushuhuda wa mteja mmoja aliyefurahi, weka pesa zako mfukoni. Wanaokuahidi mashine za kupitisha umeme kichwani kutibu usonji waepuke kabisa. Hakuna mashine iliyothibitika kwa kazi hiyo. Ukipenda michezo ya simu kwa sababu inakupumzisha, icheze kwa raha zako. Kupumzika nako kuna thamani yake.

Sasa turudi Unguja, maana hapa pana ugumu ambao programu za ng'ambo haziujui. Mtihani maarufu wa Baron-Cohen wa kusoma hisia machoni una picha 36 za macho ya Wazungu. Na mafunzo mengine ya huko humwambia mtu amtazame machoni kila anayezungumza naye. Nenda kamkazie macho babu yako wa Makunduchi huku akikuusia, uone kama hutaambiwa huna adabu. Kwetu mdogo huinamisha macho mbele ya mkubwa, na mwanamume humwepushia macho mwanamke asiye maharimu wake. Wengi wenye usonji huona tabu kutazamana, na kwa hili Zanzibar imekurahisishia: huna haja ya kujilazimisha. Tazama kidevu, au mikono ya anayezungumza, au upande wa bega lake, na ugeuze uso umwelekee ajue unamsikia. Inatosha.

Jambo la pili linalokusaidia hapa ni salamu. Mji huu una kanuni za salamu zilizo wazi kuliko mji wowote niujuao, na ulizifunzwa chuoni ukiwa mdogo: mpitaji huwasalimu waliokaa, aliyepanda chombo humsalimu anayekwenda kwa miguu, wachache huwasalimu wengi, mdogo humuanza mkubwa. Ukiwa na kanuni hizi huhitaji kubahatisha nani aanze. Ugumu unakuja baada ya "Assalaam alaykum", pale maswali yanapofuatana: hujambo, habari za tokea asubuhi, watu wa nyumbani, mama anaendeleaje. Mtu mwenye usonji huweza kudhani anaulizwa kweli, akaanza kueleza shinikizo la damu la mama yake huku mwenzake ameshapiga hatua tatu. Jibu la maswali hayo ni "wazima", "njema", "alhamdulillah", kisha nawe urudishe swali moja. Atakaye habari za mama kwa kweli husimama, hushusha sauti, na huuliza mara ya pili. Ukiulizwa mara ya pili, eleza.

Zoezi hili lifanye na ndugu yako sebuleni mpaka lizoeleke mdomoni, halafu lipeleke nje kwa mtu mmoja ambaye unakutana naye kila siku, kama muuza duka wa mtaani. Usianze na Darajani siku ya mkesha wa Sikukuu. Darajani saa moja asubuhi, maduka mengi yakiwa bado hayajafunguliwa, ni mahali tofauti kabisa na Darajani ya saa tano, yenye honi, vipaza sauti na harufu ya samaki na viungo kwa pamoja. Ukiwa huna budi kwenda saa tano, tia pamba masikioni na uende na orodha.

Ukitaka zoezi la kutambua hisia, tengeneza lako. Mwombe dada yako au rafiki akurekodie kwenye simu neno moja, tuseme "haya", kwa namna tano: haya ya kukubali, haya ya kuaga, haya ya kukasirika, haya ya kumchochea mtu aendelee kusimulia, na haya ya kumwambia mtu amekwisha kuchosha. Sikiliza bila kujua ni ipi, taja, kisha akwambie. Wiki inayofuata mtafute mtu mwingine arekodi, na mwingine tena, mwanamume na mwanamke, mzee na kijana. Kilichowaangusha watu wa Golan ni kuzoea sauti za sanduku moja. Wewe zoea sauti nyingi, na ziwe za watu utakaokutana nao kweli. Katika mji ambao baadhi ya wanawake hufunika uso, sauti ndiyo inayobeba habari, kwa hiyo muda wako uutumie hapo.

Halafu kuna baraza. Kwa mwanamume wa Mji Mkongwe au wa Ng'ambo, baraza ndipo mahali pa kuonekana kuwa mtu wa watu, na kwa mwenye usonji panaweza kuogofya: watu kumi wanasema kwa pamoja, siasa inaingiliana na mpira, utani unapita kwa kasi. Ushauri wangu ni uingie kupitia bao. Ubao mmoja, mashimo 32, kete 64, na watu wawili tu ndio wenye zamu. Hakuna anayetaraji mchezaji azungumze, anatarajiwa afikiri. Anza kwa kutazama. Watazamaji wa bao husimama au hukaa kimya dakika nyingi bila mtu kuwashangaa, na hilo ni jambo adimu katika mkusanyiko wowote wa watu. Siku utakayoelewa kwa nini mchezaji ameilinda nyumba yake badala ya kuila kete iliyo wazi, utakuwa na neno la kusema mchezo ukimalizika, na utakuwa na mtu wa kumwambia ambaye naye anataka kulisikia. Sikudanganyi kwamba bao litakugeuza ubongo. Utakuwa fundi wa bao, basi, kama watu wa Owen walivyokuwa mafundi wa michezo yao. Faida yake ni kwamba linakuweka kila jioni mahali pamoja, na watu wale wale, kwa kanuni ambazo kila mtu anazijua, na urafiki wa watu wengi wenye usonji huanzia kwenye jambo wanalolipenda kwa pamoja kabla ya mazungumzo ya ana kwa ana.

Muuza kahawa akija utamsikia kabla hujamwona, anavigonganisha vikombe mkononi. Hapa pana nafasi ya zoezi dogo: ukinunua chako, nunua na cha jirani yako. Sema tu, "Mpe na mzee, nalipa mimi." Sentensi moja, huhitaji kuiendeleza, na mzee atakukumbuka kesho. Kaa muda uliojiwekea kabla hujatoka nyumbani, hata kama ni nusu saa, kisha uage. Kuaga barazani ni kwepesi: simama, sema "Jamani, tutaonana inshallah", ondoka. Usisubiri mazungumzo yafike mwisho, kwa sababu hayafiki. Ondoka ukiwa bado una nguvu, ili kesho mwili wako ukubali kurudi.

Kitakachokupa tabu kwa muda mrefu zaidi ni maneno ambayo hayasemwi yalivyo. Watu wa hapa hawapendi kumkatalia mtu usoni. "Karibu chakula" anaposema mtu aliyekutana nawe amekwisha kula nusu ya sahani, mara nyingi ni heshima, na jibu lake ni "Ahsante, endelea, bismillah." Akikuambia mara ya tatu na amekusogezea kiti, basi kaa. "Nitakuja inshallah" huweza kuwa ahadi ya kweli ya mtu mcha Mungu, na huweza kuwa kukataa kwa upole. Njia ya kupambanua ni kuomba saa na mahali: "Nikungojee saa kumi pale Forodhani?" Anayetaka kuja atasema ndiyo au atataja saa nyingine. Anayejibu "tutaona" au "Mungu akipenda tu" amekukatalia, na hakuwa na nia ya kukuumiza. Mafumbo ya majirani, yakiwemo yaliyoandikwa kwenye kanga na kuvaliwa makusudi kupita mbele ya mlango wako, usiyasumbukie peke yako. Chukua neno lenyewe, mpelekee mtu wako wa kuaminika, muulize, "Hili limenilenga mimi?" Wanaojiona hodari wa mafumbo nao huulizana hivyo hivyo, ila wao huita umbea.

Kwa mwanamke mambo yana sura nyingine, na naona anaonewa zaidi. Wanawake wengi wenye usonji hujifunza kuiga wenzao tangu skuli, wakacheka wanapocheka wengine, wakarudi nyumbani wamechoka hata kusema hawawezi, na hakuna anayejua. Kwake uwanja ni shughuli: harusi, hitima, maulidi, upatu. Kanuni yangu moja kwake ni kwamba usiende shughulini kukaa, nenda kufanya kazi. Fika mapema ukumbi ukiwa mtupu, omba kazi yenye mwanzo na mwisho, kama kupanga sahani au kupakua biriani. Mwenye kazi huzungumza kwa maneno machache, na hakuna anayemuuliza kwa nini hachezi. Kazi ikiisha, mpe mkono mwenye shughuli, nenda nyumbani. Utasifiwa kwa msaada wako na watu hawatahesabu dakika ulizokaa.

Nisikuache ukidhani kwamba kila kasoro ni yako. Damian Milton, mwanasosiolojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: asiye na usonji naye hamwelewi mwenye usonji. Catherine Crompton na wenzake, Edinburgh, walilipima mwaka 2020. Waliwapa watu habari wapokezane, mmoja akimsimulia wa pili, wa pili akamsimulia wa tatu, mpaka mwisho wa mstari. Mstari wa watu wenye usonji watupu uliihifadhi habari sawasawa na mstari wa wasio na usonji. Habari ilipotea zaidi walipochanganywa. Kwa hiyo ukimpata mwenzako mwenye usonji, hata mmoja, mkaona mnaelewana haraka, msishangae, na msiuache urafiki huo.

Noah Sasson na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba watu huwapima vibaya wenye usonji kwa sekunde chache za kuwaona au kuwasikia, na maoni yale mabaya hutoweka wapewapo kusoma maandishi tu ya walichokisema. Yafaidi matokeo hayo. Jambo zito, kama kuomba ruhusa kazini, kumposa mtu, au kumwambia ndugu kwamba amekukosea, liandike kwanza. Ujumbe wa WhatsApp uliopangwa vizuri hukutangulia na kukuwakilisha kwa haki, kisha mazungumzo ya ana kwa ana yawe ya kukamilisha.

Kuhusu kuwaambia watu hali yako, utafiti mwingine wa kina Sasson unaonyesha kwamba wakijua, wengi hukupokea vizuri zaidi. Unguja lakini ni ndogo, habari hupita kichochoro kimoja hadi kingine kabla ya magharibi, na familia huogopa neno hilo lisije likaharibu posa za watoto wengine. Mimi ningemwambia mtu mmoja au wawili, nikiitaja hali yangu kwa jina lake, usonji, na kwa waliobaki ningeeleza ninachohitaji: "Makelele yananichosha, tukae pembeni." "Niambie waziwazi, mimi sielewi kwa kuzunguka." Sentensi hizi hazina aibu yoyote na zinatatua mengi.

Sasa wewe ndugu, mke, mume au rafiki. Katika mafunzo ya PEERS yaliyoanzishwa na Elizabeth Laugeson kule UCLA, kijana mwenye usonji haji peke yake. Huja na mtu wake, ambaye naye hufunzwa. Kazi hiyo ni yako. Baada ya kutoka mahali pamoja, usimhukumu njia nzima. Mwambie jambo moja alilofanya vizuri na jambo moja la kubadilisha, kwa maneno ya wazi: "Alipoangalia saa mara mbili, alitaka kuondoka." Usimsute mbele za watu, na usimtie katika utani asiouelewa ili watu wacheke. Akisema amechoka, amechoka. Mpeni gari arudi. Na msimpeleke kwa mganga kutolewa jini. Usonji haukuingia siku moja na hautolewi, mtu alizaliwa nao, na kelele na moshi wa kilingeni humtesa bure.

Weka alama ya kupimia kabla hujaanza zoezi lolote. Iwe kitu cha maisha, kama vile kumsalimu muuza duka bila moyo kwenda mbio, au kukaa barazani Ijumaa mbili kwa mwezi. Baada ya miezi miwili tazama. Zoezi lisilosogeza alama hiyo libadilishe, hata likiwa limekupa pointi nyingi kwenye simu. Na ukiona unazidi kuigiza ili upendwe, huku usingizi unapotea na unajichukia, simamisha mazoezi. Kuficha usonji mchana kutwa kumehusishwa na huzuni nzito na hata mawazo ya kujiua, na hilo ni la kutibiwa mapema.

Kwa msaada, ZAPDD, jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili Zanzibar, ni mlango mzuri wa familia kuanzia, hata ikiwa wewe huna ulemavu wa akili, maana wapo wazee huko waliolea watoto wenye usonji. Zanzibar imekuwa na sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2006, na inafaa uijue ile inayotumika sasa unapodai nafasi kazini. Kwa wasiwasi na huzuni nenda hospitali ya Mnazi Mmoja au ile ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu, na jina la Kidongo Chekundu lisikutishe. Watu huenda na kurudi kazini siku hiyo hiyo. Nenda na karatasi uliyoiandika nyumbani, kwa sababu mbele ya daktari maneno yanaweza kukukimbia. Andika sauti na mahali panapokushinda, andika unachofanya ukizidiwa, na andika ya utotoni: ulianza kusema lini, ulipenda kucheza na nini, nani alikuwa mwenzako, nini kilikuliza. Mengi ya hayo anayo mama yako au shangazi yako. Waulize mapema, wakiwa na nafasi, na uandike kama watakavyosema.